YAH: Katoni 38 za chakula tiba ambazo hazikufika kituoni, na maneno niliyoambiwa

Bwana Meneja wa Usafirishaji,

Salamu. Masharti ya mkataba unayajua kuniliko, sitayarudia. Mzigo ulikuwa katoni 120 za chakula tiba, kile cha watoto wenye utapiamlo, ufike Jumatatu. Lori lilifika Alhamisi saa nne usiku na katoni 82. Kati ya hizo, 17 zilikuwa zimelaliwa na mifuko ya saruji ya mtu mwingine, pakiti zimepasuka, siafu wameshaingia.

Kuchelewa tungevumilia. Barabara ya Kitale hadi Lodwar tunaijua, na mvua ikinyesha laga, mito ile ya msimu, hujaa. Lakini dereva wako alikataa kushusha mzigo mpaka nitie sahihi kwenye hati ya mzigo kwamba umetimia. Nikapiga nambari yenu ya dharura. Aliyepokea akasema: "Mama, weka sahihi tu. Hao watoto wenu si wamezoea njaa?" Simu ilikuwa kwenye spika ili dereva asikie. Akina mama waliolazwa na watoto wao wakasikia pia.

Katoni moja ina pakiti 150. Mtoto mwenye utapiamlo mkali, yule ambaye utepe wa kupima mzingo wa mkono unasoma chini ya sentimita 11.5, hutumia takriban katoni nzima hadi apone. Piga hesabu mwenyewe. Na Jumanne nilikuwa nimewarudisha akina mama sita mikono mitupu, mmoja ametembea tangu alfajiri, nikamwambia aje kesho kwa sababu ninyi mliniambia kesho.

Narudia, ofisi yako isije ikasema haikuelewa. Saa nne usiku, tanboi, msaidizi wa dereva, amekalia katoni, kalamu imenyooshwa mbele yangu, na mfanyakazi wako anauliza kama watoto hawajazoea njaa. Mama mmoja alimfunika mwanawe kichwa kwa leso, kana kwamba maneno yale yangemdhuru. Mtoto ana miezi kumi na minne.

Sikutia sahihi ya 120. Niliandika 82, na 17 zimeharibika. Dereva alishusha saa saba usiku.

Naomba kwa heshima katoni 55 ziletwe kwa gharama yenu ndani ya siku saba. Aliyesema maneno yale aje awaombe radhi akina mama, si mimi. Na siku saba ni nyingi. Mtoto hangoji siku saba. Nawapa tatu. Zikipita, hati ile na barua hii zitafika kwa shirika linalowalipa na kwa idara ya afya ya kaunti, nami nitadai msibebe tena mzigo wa mtoto yeyote Turkana.

Msimamizi wa ghala,
Kituo cha afya, Turkana