Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchukuzi: safari haiishii Pugu

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa heshima. Nakuandikia kuhusu stesheni ya Pugu, kule inakogeuzia treni ya mjini ya Dar es Salaam. Wengi wetu bado tunaiita treni ya Mwakyembe, kwa jina la waziri aliyekuwa na dhamana ya uchukuzi ilipoanza kwenda Ubungo mwaka 2012. Ya Pugu ilifuata mwaka 2016. Reli yenyewe ni ya Wajerumani, walioanza kuijenga kutoka Dar mwaka 1905, na uamuzi wa kuitumia kwa watu wa mjini nauheshimu sana. Anayeijua Barabara ya Nyerere saa 12 jioni anajua ni neema gani kupita Vingunguti na Kipawa bila foleni.

Shida inaanza abiria akishashuka. Wengi hawakai Pugu. Wanakwenda Majohe, wanakwenda Chanika, wengine wanapandisha mlima hadi Kisarawe, ambako tayari ni Mkoa wa Pwani. Treni inashusha umati kwa mara moja; daladala zinakuja mojamoja, kila dereva kwa saa yake. Hapo ni kugombania mlango, na mwenye nguvu ndiye anayeingia. Mama mwenye ndoo ya samaki wa Feri na mwanafunzi mwenye sare wanabaki nyuma, maana konda anamtaka mtu mzima asiye na mzigo, anayelipa nauli kamili. Anayebaki hutafuta bodaboda, na bodaboda ya usiku inakula kile chote alichookoa kwa kupanda treni. Ndiyo maana wapo majirani walioiacha treni wakarudi kukaa kwenye foleni: angalau gari lile linawafikisha.

Mheshimiwa, jambo hili lote liko wizarani kwako. Shirika la Reli ni lako. LATRA, inayotoa leseni za daladala, nayo ni yako, na hiyohiyo ndiyo inayodhibiti usafiri wa reli. Halihitaji mkopo wala mkandarasi. Naomba LATRA itoe njia fupi zinazoanzia mlangoni pa stesheni kwenda Chanika, Majohe na Kisarawe, na leseni iwe na sharti kwamba magari yawepo treni inapoingia. Treni ikichelewa, stesheni masta ampigie simu msimamizi wa daladala, magari yasubiri. Na mwanafunzi apande bila kubembeleza.

Nalisema sasa kwa sababu mengi yanajengwa upande wetu. Treni ya umeme ya SGR ilipoanza kubeba abiria hadi Morogoro mwaka 2024, Pugu ilikuwa imepata stesheni ya pili. Njia ya mwendokasi nayo imeelekezwa Gongo la Mboto, karibu kabisa na sisi. Tunashukuru kwa moyo wote. Hofu yangu ni kila chombo kupangiwa ratiba yake peke yake, halafu abiria ndiye aachiwe kazi ya kuviunganisha, gizani, na mtoto mgongoni.

Anza na treni moja tu, ya mwisho ya jioni, kwa miezi mitatu. Kabla hujaanza, mtume ofisa wa LATRA asimame pale ahesabu wanaobaki bila gari. Miezi ikiisha ahesabu tena, na hesabu zote mbili zibandikwe stesheni tuzisome.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Abiria wa Pugu