Shukrani kwa mwalimu wa darasa la awali

Natoa shukrani zangu za dhati kwa mwalimu wa darasa la awali ambaye, baada ya kikao cha wazazi, alibaki nami kunieleza kwa nini mjukuu wangu hulia akidai kwamba dada yake amepewa uji mwingi zaidi, ilhali wote wawili wamepimiwa kwa upawa uleule. Alimimina maji kutoka bilauri fupi na pana hadi kwenye nyingine ndefu na nyembamba, akamwuliza mtoto kama maji yamebaki yaleyale, na mtoto bila kusita akasema yameongezeka. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, aliliona jambo hilo kwa watoto wa umri huo: hutazama kimo peke yake, upana hawautii hesabuni. Kilio kile, basi, si deko wala ubishi.

Wazo la Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Urusi, ndilo lililonigusa zaidi, kwamba yapo mambo ambayo mtoto hayawezi peke yake lakini huyamudu akisaidiwa na anayejua, na hapo hasa ndipo mafunzo yanapopaswa kuelekezwa. Nilimwona mwalimu akihesabu maharage pamoja na mjukuu wangu, wakiyasogeza moja moja, kisha akauondoa mkono wake taratibu hadi mtoto akamaliza mwenyewe.

Mwalimu, hukulazimika kunipa muda huo, na jioni ilikuwa imekwishaingia. Mwenyezi Mungu akujalie afya njema na akuzidishie subira uliyo nayo kwa watoto wetu.