Kabla hujaifungua bahasha

Mbeya, Julai

Mama Upendo shoga yangu,

Kamwene! Sisi wazima, ila baridi ya huku unaijua, nakuandikia miguu inakaribia kuingia kwenye jiko la mkaa. Nimekaa kimya tangu harusi ya Kissa, nisamehe, lawama zako nitazipokea tukionana.

Hii barua nimeibana juu ya bahasha makusudi, uisome kwanza. Ndani mna ile riwaya yangu. Imeisha! Tusa kaichapa yote huku akilalamikia mwandiko wangu.

Sasa, sura ya saba ina barua. Ni yako. Ile ya Kidato cha Tatu, uliyoipaka poda ukaikunja kama shati. Majina nimebadilisha, shule nimeihamishia Tukuyu, mvulana nimemfanya mrefu (nimempendelea mno yule mbilikimo). Ila kule kuisoma mbele ya bweni zima, wenzake wakigonga vitanda, nimekuacha vilevile. Ningebuni nini cha kuzidi pale?

Tusa alipofika hapo akaacha kuchapa. “Mbona hapati mimba?” Kwake hadithi ya wanafunzi wapenzi bila mimba na kufukuzwa haijaiva. Nikamwambia tangu 2021 Serikali imeruhusu waliojifungua warudi darasani, atafute kilio kingine. Na wewe nani alikufukuza? Ulijificha mwenyewe, mwezi mzima huonekani bwaloni, nakuletea makande kwenye kopo la siagi.

Narudi kwenye barua. Humo kuna msichana anayetumwa kuipeleka. Anaifungua njiani. Hapo nilikwama miezi miwili, kila nikiandika nanusa ile poda. Shoga, ilinimwagikia kwenye sketi, nikaikunja upya vibaya, na... Miaka yote tumemlaani yule kijana peke yake. Lakini Rehema aliijua kabla yake, na aliyemwambia ni mimi.

Basi. Nimeandika.

Sura niitoe? Au barua ibaki nimtoe huyo msichana? Uliandika nini mstari wa mwisho, maana niliobuni mimi haufiki wako? Baba Upendo anazijua habari hizi, au mzigo mwingine niutume kwa dada yako? Na ni kweli yule bwana kahamia Mafinga? Utanipigia, au ndiyo umenuna?

Kapokee kwa kondakta stendi ya Igumbilo kesho mchana. Mna na kilo tano za mchele wa Kyela. Ule nilishaununua kabla sijaamua kukuambia, usije ukasema ni hongo.

Wako,
Tumpe