Barua kwa Mwanangu: Mfalme Alfonso na Sheria Aliyoiandika Mwenyewe

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi sote hatujambo, na dada yako anakusalimu sana. Insha yako juu ya Alfonso wa Kumi, mfalme wa Castilla na León katika Hispania ya leo, imenifikia. Nimeisoma na kuirudia, na nimefurahi kuona jinsi unavyopanga hoja. Hata hivyo kuna sentensi moja ambayo siwezi kuiacha ipite, ile uliyoichukua kwa Juan de Mariana, padri Mjesuiti aliyeandika historia ya Hispania miaka mia tatu hivi baada ya mfalme huyo kufariki: kwamba alipokuwa akizitazama mbingu na kuzichunguza nyota, aliipoteza dunia. Ni maneno matamu, na ndiyo sababu wengi wameyarudia bila kuyapima. Mimi naamini yanamwonea mfalme na, baya zaidi, yanaificha sababu halisi ya anguko lake, ambayo wewe unayesomea sheria ndiye uliyepaswa kuiona kwanza.

Alfonso alizaliwa Toledo tarehe 23 Novemba 1221. Baba yake, Fernando wa Tatu, aliiteka Córdoba mwaka 1236 na Sevilla mwaka 1248, kwa hiyo kijana huyu alikua akiuona ufalme ukipanuka kuelekea kusini, katika miji iliyokuwa imetawaliwa na Waislamu kwa zaidi ya miaka mia tano na kujaa vitabu vya Kiarabu. Mwaka 1251, kabla hata hajashika kiti, hadithi za Kalila na Dimna zilitafsiriwa kwa amri yake kutoka Kiarabu kwenda Kikastilia. Alipotawazwa mwaka 1252 aliiendeleza kazi hiyo kwa bidii ambayo sijaiona kwa mfalme mwingine wa zama zake. Aliwaweka pamoja Wayahudi waliokijua Kiarabu na Wakristo waliokijua Kilatini. Na badala ya kuyafungia maarifa ndani ya Kilatini, lugha ya makasisi, akataka yaandikwe katika lugha ambayo watu wake waliizungumza sokoni na mahakamani. Katika General Estoria, historia ya ulimwengu iliyoandikwa chini ya usimamizi wake, imeelezwa kwamba mfalme hutunga kitabu si kwa kukiandika kwa mkono wake, bali kwa kuamua kiseme nini, kukisahihisha, na kumwonyesha mwandishi namna ya kukitengeneza.

Nyota zenyewe zilishughulikiwa hasa na wanazuoni wawili Wayahudi wa Toledo, Yehuda ben Moshe na Isaac ben Sid. Hao walipima, wakakokotoa, na kuandaa majedwali ya mwendo wa jua, mwezi na sayari, wakihesabu kuanzia mwaka ambao Alfonso alianza kutawala. Majedwali hayo yalitumika Ulaya kwa karibu karne tatu, na hata Copernicus, yule mtaalamu mashuhuri wa nyota, alikuwa na nakala yake iliyopigwa chapa. Sasa niambie, mwanangu: wanazuoni wachache wenye vyombo vyao vya kupimia wangewezaje kuifilisi hazina ya ufalme mzima? Fedha za Castilla hazikwenda mbinguni. Zilikwenda Ujerumani na Italia.

Mama yake Alfonso, Beatriz, alikuwa mjukuu wa Kaisari Frederick Barbarossa, na kupitia damu hiyo mfalme alijiona ana haki ya kuliongoza Dola Takatifu la Roma, lililojumuisha Ujerumani na sehemu za Italia. Mwaka 1257 baadhi ya wakuu wa Ujerumani walimchagua, huku wengine wakimchagua Richard wa Cornwall, ndugu wa mfalme wa Uingereza. Richard alikwenda akavikwa taji huko Aachen. Alfonso hakuwahi kuikanyaga Ujerumani, lakini kwa karibu miaka kumi na minane aliendelea kutuma wajumbe, zawadi na fedha. Ili kuzipata akaongeza kodi na kutoa sarafu zenye madini kidogo ya fedha ndani yake. Bei za vitu zikapanda, na mwaka 1268 kule Jerez ikabidi bei zipangwe kwa amri. Watu wa mijini walinung'unika, na mwaka 1272 wakuu wenye ardhi wakaasi waziwazi, baadhi yao wakakimbilia kwa mfalme Mwislamu wa Granada. Hapo hakuna nyota, mwanangu. Kuna kodi, na kuna mtu aliyetamani cheo ambacho hakukihitaji.

Mwaka 1275 alikwenda Beaucaire, kusini mwa Ufaransa, kumwomba Papa Gregory wa Kumi amtambue. Papa alikataa, kwa kuwa tangu mwaka 1273 Wajerumani walikwisha kumchagua Rudolf wa Habsburg. Na wakati mfalme akiwa huko, majeshi ya Wamarini, ukoo uliotawala Moroko, yalivuka mlango wa bahari kuingia Hispania. Mwanawe wa kwanza, Fernando de la Cerda, aliyeachiwa ufalme, aliondoka kwenda kuyakabili, akaugua njiani na kufariki mwezi Julai akiwa na umri wa miaka kumi na tisa, akiacha watoto wawili wadogo wa kiume. Aliyeshika usukani wa vita alikuwa mdogo wake, Sancho, kijana wa miaka kumi na saba, na aliushika vizuri.

Hapa ndipo ningependa uitoe ile sentensi ya Mariana na kuweka hoja yako mwenyewe. Kati ya mwaka 1256 na 1265 wanasheria wa Alfonso waliandika Siete Partidas, mkusanyo mkubwa wa sheria katika sehemu saba, unaogusa kila jambo kuanzia imani hadi mirathi, ndoa, biashara na adhabu. Utamkuta humo mtawala dhalimu akielezwa kuwa ni yule anayependa watu wake wawe wajinga, mafukara na wenye kutoaminiana. Utakuta pia sheria inayomruhusu baba aliyezingirwa ndani ya ngome ya bwana wake, akiwa hana chakula, kumla mwanawe kuliko kuisalimisha ngome hiyo bila idhini. Nilipolisoma fungu hilo nilikiweka kitabu chini, na sikuweza kuendelea siku ile. Kwa sheria za namna hiyo mamlaka ya baba, kama mamlaka ya mfalme, hayakuwa na ukingo tunaoufahamu sisi.

Lakini fungu linalotuhusu limo katika sehemu ya pili. Mila ya zamani ya Castilla ilielekea kumpa ufalme yule aliye mkubwa kati ya wana wa mfalme walio hai. Partidas zinasema vingine: mwana mkubwa akifariki kabla ya kurithi, na akawa ameacha mtoto halali, basi mtoto huyo ndiye anayerithi. Soma hapo taratibu, baba. Alfonso aliliweka jambo hilo katika maandishi akiwa na nguvu zake zote, miaka kadhaa kabla Fernando hajafariki. Lilipomfika yeye mwenyewe, akayumba. Mbele yake alikuwapo Sancho, shujaa anayependwa na jeshi na miji. Na walikuwapo wajukuu, mkubwa wao akiwa na umri wa miaka mitano hivi, ambao mjomba wao alikuwa mfalme wa Ufaransa. Alfonso akamkubali Sancho. Mkewe, Malkia Violante, hakuvumilia. Mwaka 1278 aliwachukua wajukuu na mama yao, akavuka nao mpaka kwenda ufalme jirani wa Aragon. Baadaye mfalme akajaribu kuirudia haki nusunusu, akataka kumkatia mjukuu wake eneo la Jaén, na hapo Sancho akaasi. Aliyeandika sheria aliiacha ilipomgharimu, akaishika tena wakati hakuna aliyemwamini, na kwa kufanya hivyo alizipa pande zote mbili sababu ya kumpinga.

Sikufichi mabaya yake mengine. Mwaka 1277 aliamuru ndugu yake Fadrique auawe bila kesi, yeye aliyeandika kurasa nyingi kuhusu kesi. Waislamu walioasi kusini mwaka 1264 walifukuzwa katika miji mingi. Zag de la Maleha, Myahudi aliyemkusanyia kodi, aliuawa kwa sababu fedha zilizokuwa ziende vitani zilichukuliwa na Sancho. Usimwandike kama mtakatifu.

Mwezi Aprili 1282 wakuu, maaskofu na wajumbe wa miji walikutana Valladolid, wakamwondolea Alfonso mamlaka na kumpa Sancho, wakimwachia baba jina tu la mfalme. Karibu nchi nzima ilimwacha. Sevilla ilibaki naye, na Murcia, na miji michache mingine. Katika upweke huo aliomba msaada kwa yule yule sultani wa Wamarini aliyepigana naye miaka saba kabla, akaweka taji lake rehani ili apate fedha. Novemba mwaka huo aliandika wosia wa kumlaani Sancho na kumnyima urithi, akiwapa ufalme wajukuu, na wakikosekana wao, mfalme wa Ufaransa. Na bado mwaka 1283, akiwa mgonjwa na amezingirwa na uasi wa mwanawe, kilikamilika Sevilla kitabu chake cha michezo, chenye sataranji, dado na michezo ya ubao, na picha zinazowaonyesha Wakristo, Waislamu, Wayahudi, wanaume na wanawake wakicheza. Kama nyota na vitabu ndivyo vilivyomwangusha, kwa nini ndivyo pekee vilivyobaki mikononi mwake wakati kila kitu kingine kimeondoka? Alifariki tarehe 4 Aprili 1284.

Sancho hakuujali wosia. Alitawazwa Toledo mwezi huo huo, na madai ya wale wajukuu, wana wa Fernando de la Cerda, yaliisumbua Castilla hadi suluhu ya mwaka 1304. Lakini usiimalizie insha yako hapo, kwa maana Partidas hazikuwa zimeanza kufanya kazi kama sheria ya nchi. Zilipewa nguvu hiyo mwaka 1348, katika mkutano wa Alcalá de Henares, na mfalme Alfonso wa Kumi na Moja, ambaye alikuwa mjukuu wa Sancho. Ukoo uliolipata taji kwa kulikiuka lile fungu la urithi ndio uliolifanya kuwa sheria.

Nitumie insha ukishaiandika upya, nami nitaisoma kwa hamu.

Wako akupendaye,
Mama