Jibu langu kwa Kaka Deo kuhusu kibanja cha Baba

London, Novemba

Kaka yangu mpendwa Deo,

Shikamoo. Mimi mdogo wako ni mzima wa afya, hofu ni kwenu mlio mbali. Nakuomba barua hii uisome mbele ya Mama na dada yetu Adela, usiisome peke yako chumbani. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu tunakatishana maneno, na jambo hili halifai kukatishwa katikati.

Ujumbe wako niliupata, kwamba unataka kukiuza kibanja cha Baba, Adela atoke, na mimi nitume fedha ya wakili. Fedha ya wakili sitatuma. Nimelitanguliza hilo ili usihangaike kulitafuta kwenye kurasa zinazofuata. Ya dawa za Mama nimeshatuma kwenye namba ya ndugu yetu Projest, pamoja na ada ya yule mtoto wa Adela wa kidato cha pili. Sasa nisikilize kwa nini.

Kwanza furahini nami. Kile chuo cha jioni nilichokuwa nawaambia, Birkbeck, nimemaliza, na nimefaulu daraja la kwanza. Shahada ya falsafa, Kaka! Nilikuwa natoka kazini kwa wazee, navua sare, napanda basi, saa kumi na mbili jioni nimekaa darasani na daftari langu. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1823 kwa ajili ya watu wanaofanya kazi mchana, kwa hiyo ni kama walinijua. Tasnifu yangu ilihusu haki katika kugawana ardhi, na mwalimu alinisimamisha niisome mbele ya wenzangu. Darasa zima likatulia kusikiliza habari za kwetu Muleba, mkoani Kagera: migomba na mibuni iliyopandwa pamoja, nyasi zilizotandazwa chini, makaburi ya wazee nyuma ya nyumba. Baba angekuwepo angechinja. Mwambieni mzee wetu Ta Rwegasira, maana ndiye aliyepinga mimi kupelekwa sekondari, na ndiye leo anayekushauri wewe.

Tuje kwenye hoja zako. Umeandika kwamba yule mnunuzi wa Mwanza akilipa, wajukuu wote kumi na wawili watasoma, na atakayeumia ni Adela peke yake. Kumi na wawili kwa mmoja. Hoja hiyo ina mwenyewe, anaitwa Jeremy Bentham, mwanafalsafa Mwingereza, na mimi nimemwona. Alifariki mwaka 1832 akiwa ameacha wosia kwamba mwili wake upasuliwe ili watu wajifunze, kisha mifupa yake ivishwe nguo zake na ikalishwe kitini. Yupo mpaka leo hapa University College, mwendo mfupi tu kutoka darasani kwangu, ndani ya kioo, na koti lake, kofia pana kichwani, fimbo mkononi, uso wa nta. Wanafunzi wanapita na vikombe vya kahawa hata hawageuki. Mimi nilisimama pale muda mrefu nikawaza jinsi tulivyomlaza Baba pembeni ya ule mgomba mkubwa, na Mama akasema mwenye kaburi hatuachi.

Bentham alifundisha kwamba tendo jema ni lile linaloongeza furaha na kupunguza maumivu ya watu wote linaowagusa, na katika kuhesabu, kila mtu ni mmoja, mwenye cheo hazidi mmoja. Hilo namsifu. Kwa mizani yake mkubwa wa ukoo na mtoto wa mwisho wana uzito uleule, na ukitaka kumtumia Bentham lazima ulikubali hilo pia. Lakini hesabu yake haiulizi maumivu yanamwangukia nani, wala kama ni mtu yuleyule anayeangukiwa kila mara. Halafu hesabu yenyewe hujaimaliza, Kaka. Umemhesabu Adela mara moja tu, ukawaacha wanawe watatu wanaolala naye pale. Mama hukumhesabu kabisa. Fedha ya mnunuzi itakwisha kwa ada za miaka michache, na kibanja kile kimelisha watu tangu enzi za babu.

Hata John Stuart Mill, aliyelelewa tangu utotoni katika mafundisho ya Bentham, hakukubali kuishia kwenye hesabu ya jumla. Yeye ndiye mwaka 1866 aliyepeleka bungeni Uingereza maombi ya wanawake waliotaka haki ya kupiga kura, wenzake wengi wakimwona amepotoka.

Nikuulize swali moja. Siku zile za mwisho za Baba ulimwambia nini Adela? Mimi nilikuwa kwenye simu, nikasikia. Ulimwambia, "Mdogo wangu, mtunze mzee, hapa hutaondolewa na mtu." Kwa ahadi hiyo akaacha kibanda chake cha samaki kule Kemondo, akarudi kumgeuza Baba kitandani usiku na mchana, kumwosha, kumlisha uji kwa kijiko, mpaka mwisho. Kuna Mjerumani aliyeitwa Immanuel Kant, aliyeishi Königsberg karibu maisha yake yote. Katika kitabu chake cha mwaka 1785 anatoa mfano wa mtu aliyebanwa na shida, akakopa fedha kwa kuahidi kulipa na huku anajua hatalipa. Kant hasemi "tuone hasara ni kiasi gani." Anauliza: je, unaweza kutaka kila mtu aahidi hivyo? Kila mtu akifanya hivyo, ahadi hazitakuwa na maana, hakuna atakayemwamini mwenzake, na hata huyo mdanganyifu hatapata wa kumkopesha. Anasema pia kwamba binadamu asitumiwe kamwe kama chombo tu cha kufikia haja ya mwingine. Sisemi ulidanganya siku ile. Naamini ulimaanisha. Ila ukimtoa leo, utakuwa umeigeuza ile miaka yake kuwa kazi ya bure tuliyomfanyisha sote, mimi nikiwemo, na mimi sikubali kuwekwa humo.

Utasema, kama ulivyosema kwenye kikao, kwamba haya ni maneno ya Wazungu, kwetu msika, yaani mrithi mkuu, ni msika, mali ya ukoo imepita kwa wazaliwa wa kwanza wa kiume tangu zamani na wewe umeipata kihalali. Basi tuichukue hoja hiyo kwa uzito wake, maana ina nguvu, na yuko Mmarekani aliyeitetea hoja inayofanana nayo vizuri kuliko Ta Rwegasira. Robert Nozick aliandika mwaka 1974 kwamba haki ya mali haitokani na nani ana shida au nani atafurahi, bali na historia: kama mali ilipatikana kihalali mwanzoni, na ikahama kwa njia halali kutoka mkono hadi mkono, basi aliyenayo ni yake. Lakini akaongeza sharti ambalo watu wengi wanaomnukuu hulisahau. Kama huko nyuma kulikuwa na dhuluma, lazima irekebishwe.

Haya, tusome historia ya kibanja chetu. Babu alikuwa mtwarwa, yaani mlimaji kwenye ardhi ya mwingine, Deo. Unajua, Baba alitusimulia. Chini ya nyarubanja, ule utaratibu wetu wa zamani wa kumiliki ardhi, udongo ule ulikuwa wa mtwazi, yaani bwana wa ardhi, na babu alilima, akatoa mikungu na pombe na siku za kazi kwa mtu ambaye hakushika jembe pale hata mara moja. Mila ilisema hivyo tangu zamani. Mwaka 1965 Bunge likatunga sheria ya kuufuta unyarubanja, na wale watwarwa wakawa na haki juu ya ardhi waliyoilima. Kama mila ingekuwa neno la mwisho, leo wewe usingekuwa na kibanja cha kurithi wala cha kuuza. Kibanja hiki kimetufikia kwa sababu taifa lilikubali kwamba anayelima na kuishi juu ya ardhi ana dai lenye nguvu kuliko aliyezaliwa mahali pazuri. Huwezi kulipokea neno hilo kwa ajili ya babu ukamnyima Adela.

Na sheria haikukomea hapo. Zile kanuni za mila zilizoandikwa mwaka 1963, zinazowaweka warithi katika madaraja matatu, mtoto wa kwanza wa kiume juu na mabinti wote chini, wakili wako atakusomea, lakini mwambie asome pia kesi ya kwetu kulekule Muleba. Holaria Pastory alirithi ardhi ya ukoo kwa wosia wa baba yake, akaiuza mwaka 1988 kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo, na Bernardo Ephrahim wa ukoo wake akaenda mahakamani kusema mwanamke hana haki ya kuuza. Mahakama ya Mwanzo ikakubaliana naye. Kesi ikapanda mpaka Mahakama Kuu kule Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba ubaguzi huo unapingana na Katiba, mwanamke ana haki ileile aliyonayo mwanamume. Niliposoma hukumu hiyo maktabani nililia, Kaka. Majina ya vijiji vyetu yamo ndani ya kitabu hapa London, na wanafunzi wa sheria wanaosoma haki za binadamu za Afrika wanaijua.

Sasa jambo ambalo limenishughulisha zaidi kuliko yote. Amartya Sen, mchumi wa Kihindi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1998, anasimulia katika kitabu chake cha mwaka 2009 kuhusu watoto watatu wanaogombea filimbi moja. Wa kwanza ndiye pekee anayejua kuipiga. Wa pili ni maskini, hana kitu kingine cha kuchezea. Wa tatu ndiye aliyeitengeneza kwa mikono yake. Umpe nani? Mfuasi wa Bentham huenda akampa mpigaji, anayejali usawa atampa maskini, na watu wa akina Nozick watampa aliyetengeneza. Sen anasema kila mmoja ana sababu nzuri, wala si ubinafsi.

Niliposoma hapo niliona nyumba yetu. Projest ndiye anayejua kilimo, ana mpango wake wa vanila na ameshajifunza kuichavusha. Adela hana pengine pa kwenda. Mabati, saruji na lile tangi la maji vimetoka kwenye mshahara wangu. Watatu kamili. Na wewe, Kaka yangu ninayekuheshimu, dai lako ni kwamba ulizaliwa kwanza, na mtoto wa namna hiyo Sen hakumweka kwenye mfano wake. Hilo nalisema kwa upendo. Ninakuita kaka na nitakuita hivyo mpaka nife, kiti cha Baba ni chako, mkuki wake ni wako, misiba na mahari utasimamia wewe. Ila hayo ni heshima. Heshima hiyo haina haja ya kumtoa mtu nje na magodoro yake.

Mimi ninamfuata John Rawls, mwanafalsafa Mmarekani aliyetoa kitabu chake cha nadharia ya haki mwaka 1971. Anasema, kabla ya kugawana chochote, watu wakae nyuma ya pazia, asijue mtu atakuwa nani: tajiri au maskini, mwenye kipaji au asiye nacho. Hapo ndipo wakubaliane kanuni, na kila mtu ataogopa kumkandamiza wa chini kwa sababu huenda ni yeye. Fikiri kikao chetu kingekuwa hivyo. Wewe hujui kama utatoka humo ukiwa Deo au ukiwa Adela aliyefukuzwa kwa mumewe na watoto watatu. Ungepitisha azimio lile? Hata Ta Rwegasira asingepitisha.

Na hata Rawls sikumwachia. Katika tasnifu yangu nilimtumia mwanafalsafa wa kike, Susan Moller Okin, aliyemkosoa mwaka 1989 kwamba alijenga haki ya nchi nzima lakini akauacha mlango wa nyumba umefungwa, hakuuliza kazi za ndani zinagawanywaje na nani. Hapo ndipo nilipomweka Adela, bila kutaja jina. Kila nadharia inayohesabu mabati yangu na haihesabu mikono iliyomwosha Baba ina kasoro. Nilipewa alama za juu kabisa kwa sura hiyo, lakini sikuiandika kwa ajili ya alama.

Huku baridi imeanza, saa kumi jioni giza. Mwezi huu nyie mnakula senene. Nimeota juzi niko barazani, Mama ananipa kahawa ya kutafuna, nikaamka nikiisikia ladha yake. Mwambieni Projest akipata mgeni anayekuja, anifungie hata kikopo kimoja cha senene waliokaangwa vizuri.

Ninachopendekeza ni hiki. Nyumba na sehemu ya juu, yenye makaburi, iandikwe jina la Adela, apate hatimiliki ya kimila kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Sehemu ya chini, ya mtoni, Projest apande vanila, na mavuno ya kwanza yasomeshe wajukuu, wako wakitangulia kwa sababu ndio wakubwa. Mabati yangu sidai. Fedha uliyoniomba ya wakili nitaitoa yote, ila kwa kupima mipaka na kulipia hati. Nikipata jibu kabla ya Krismasi naituma siku hiyohiyo.

Mama abaki palepale chumbani kwake. Hilo halimo kwenye mjadala.

Msalimie shemeji na watoto wote. Nisalimie pia Ta Rwegasira, umwambie barua hii anaruhusiwa kusomewa, na akiwa na hoja aiandike, nitamjibu.

Mdogo wako akupendaye,
Jovitha