Risala ya Kamati ya Shule kwa Mgeni Rasmi, Mahafali ya Darasa la Saba 2026

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa viongozi wa Kata na Mtaa,
Mwalimu Mkuu na walimu wetu,
Wazazi wenzetu, na nyinyi wahitimu wetu,

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo.

Mheshimiwa, kwa niaba ya Kamati ya Shule tunakushukuru kwa kuitikia wito. Taaluma na michezo Mwalimu Mkuu ameshayasema vizuri, hatutayarudia. Sisi tuna jambo moja.

Mahafali ya leo ni ya darasa moja. Ya mwakani yatakuwa ya madarasa mawili. Mtaala ulioboreshwa ulipoanza Januari 2024, waliokuwa darasa la tatu waliingia kwenye utaratibu wa miaka sita ya msingi, na waliokuwa la nne wakabaki na miaka saba. Kwa hiyo mwaka 2027 darasa la sita na la saba wanamaliza pamoja, na Januari 2028 wote wanabisha hodi kidato cha kwanza. Na kwa kuwa Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, inasema elimu ya lazima ni miaka kumi, hakuna wa kubaki nyumbani.

Mheshimiwa, hesabu yake haihitaji mtaalamu. Shule ya msingi inayotoa wahitimu 200 inahitaji vyumba vitano vya kidato cha kwanza, kwa kiwango cha wanafunzi 40 kwa chumba. Wakitoka 400, ni vyumba kumi. Kundi hilo halitapungua Februari. Litatembea pamoja mpaka kidato cha nne mwaka 2031, likidai walimu wa hisabati, maabara na matundu ya vyoo kila linapofika.

Tunalisema mapema kwa sababu tumeshawahi kushtukizwa na jambo tulilokuwa tunalitazama. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulipofuta ada na michango, Januari 2016 darasa la kwanza lilifurika nchi nzima. Watoto wale walihitaji miaka saba kufika darasa la saba, na sote tulijua hivyo. Bado mwishoni mwa 2022 ilibidi vyumba 8,000 vya sekondari vijengwe mbiombio ili wapate pa kukaa Januari 2023. Mwaka mmoja kabla yake vilikuwa vimejengwa vyumba 15,000 kwa fedha za UVIKO-19, vikiwemo 3,000 vya shule shikizi, yaani matawi ya shule mama. Tunaishukuru sana Serikali kwa kazi ile, na mafundi waliolala saiti. Lakini ule ulikuwa mkopo wa dharura. Hatuwezi kupanga madarasa ya watoto wetu kwa kungoja janga lingine.

Mheshimiwa, ukitazama kushoto kwako utaona watoto wamekaa chini ya mwarobaini. Hao hawakuja kwenye sherehe. Ni wa zamu ya mchana, wamezoea kufika saa nne na kungoja wenzao wa asubuhi watoke ndipo waingie. Hata siku kama ya leo wamekuja kwa saa zile zile. Mvua ikinyesha wanabanana barazani, na mwalimu aliye ndani anapandisha sauti.

Na hili turubai tulilokukaribisha chini yake limesimama kwenye sehemu pekee ya wazi iliyobaki shuleni. Wakati wazee wetu wanatoa eneo hili, hapa palikuwa na mikorosho, na waliona wametoa ardhi ya kutosha wajukuu. Leo nyumba za wapangaji zimefika ukutani pande zote. Sensa ya 2022 inasema Mkoa wetu wa Dar es Salaam una watu 5,383,728, lakini tarakimu hiyo ni ya Mkoa mzima. Haionyeshi kwamba familia changa zinahamia huku pembezoni kwenye kodi nafuu. Wapo wazazi wa mtaa huu ambao watoto wao wanapanda daladala alfajiri kwenda kusoma mjini, kwa sababu huko nafasi ipo na huku haipo.

Kwa hiyo tumejaribu kujihesabu wenyewe. Tuliwaomba mabalozi wa mashina wapite nyumba kwa nyumba na madaftari: jina la mtoto, mwaka wa kuzaliwa, mwenye nyumba au mpangaji. Mabalozi walifanya kazi nzuri, ila wapangaji wanahama, na daftari la Juni halifanani na foleni ya uandikishaji ya Januari. Aliyetusaidia zaidi ni muuguzi wa zahanati. Karibu kila mtoto wa eneo hili anapita mikononi mwake kwa chanjo ya surua akiwa na miezi tisa. Mtoto huyo bado ana zaidi ya miaka minne mbele yake kabla ya kufika darasa la awali. Kwa maoni yetu, hakuna daftari bora la kupangia shule kuliko hilo la chanjo, na halina gharama.

Tunaomba mambo haya. Kwanza, Halmashauri itupatie eneo la sekondari, lipimwe na liwe na hati, kabla wamiliki wa mashamba machache yaliyobaki hawajayakata viwanja. Jengo likichelewa linaweza kujengwa mwakani. Ardhi ikishauzwa imekwenda. Kama eneo litakuwa dogo, tujengewe ghorofa, hatutalalamika.

Pili, Januari 2028 shule za msingi hazitakuwa na darasa la saba. Vyumba vyake vitapumua. Hapa kwetu tungetamani viondoe zamu ya mchana, lakini tuko tayari baadhi vikopeshwe kidato cha kwanza kwa muda, mradi ukomo wake uandikwe.

Tatu, takwimu za chanjo za zahanati ziwe mezani kila Halmashauri inapoandaa bajeti ya elimu.

Kwa upande wetu, wazazi wamekubali kwa hiari yao kufanya msaragambo wa kuchimba msingi na kusomba mchanga na kokoto. Tunachosubiri ni kuonyeshwa pa kuchimba.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.