Barua ya Wazi kwa Waziri wa Elimu ya Juu: Shahada ya Muziki wa Kompyuta Isipasuliwe

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima, nakuandikia kuhusu shahada ya muziki wa kompyuta na teknolojia ya sauti, ambayo mara nyingi huwekwa chini ya kitivo kimoja tu kwa sababu ya urahisi wa bajeti. Ikipelekwa uhandisi, wanafunzi huandika programu wasizozisikiliza kwa makini. Ikipelekwa sanaa, huzoea kubofya vitufe vya studio bila kujua kinachotendeka nyuma yake. Ombi langu ni kwamba mwongozo wa wizara uitambue kuwa shahada ya vitivo viwili, yenye walimu na watahini kutoka pande zote mbili.

Fani yenyewe ilizaliwa hivyo. Mwaka 1957 Max Mathews, mhandisi wa Bell Labs, maabara ya utafiti ya kampuni ya simu nchini Marekani, aliyependa kupiga fidla, aliandika programu iliyoiwezesha kompyuta kutoa muziki. Miaka kumi baadaye John Chowning, mtunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford aliyesomea muziki na si uhandisi, alikuwa akiongeza kasi ya mtetemo wa sauti (vibrato, yaani sauti kupanda na kushuka kidogo kwa kurudiarudia) kwenye kompyuta, hata ikafika mahali ambapo sikio lake halikusikia tena mtetemo bali sauti ya aina mpya kabisa. Sikio lilitangulia, maelezo ya kihisabati aliyachapisha mwaka 1973. Chuo hicho kilimnyima ajira ya kudumu, kisha kikamrudisha baada ya kampuni ya Yamaha kuutaka ugunduzi wake, uliokuja kutumika katika kinanda maarufu cha DX7 cha mwaka 1983. Nachelea kusema kwamba kamati nyingi za leo nazo zingemwona hafai.

Haimaanishi kwamba hisabati ilegezwe. Mwanafunzi anayerekodi kwa sampuli (vipimo vya sauti) 44,100 kwa sekunde, kama ilivyo kwenye CD, hana budi kuelewa kwa nini masafa (idadi ya mitetemo ya sauti kwa sekunde) yanayozidi nusu ya idadi hiyo, yasipochujwa mapema, hurudi chini yakiwa sauti ambayo hakuna aliyeipiga. Somo hilo huweza kufundishwa ubaoni kwa wiki nzima lisieleweke, ilhali dakika chache mbele ya spika nzuri hulifungua, na hapo ndipo fomula hupata maana.

Kuhusu gharama, programu muhimu za kutengeneza sauti na muziki kama Csound, Pure Data na SuperCollider hupatikana bure. Fedha zielekezwe kwenye chumba kilichotulizwa mwangwi, spika za kuaminika na walimu; kununua leseni ghali kabla ya hayo ni kutanguliza mkokoteni mbele ya punda.

Naomba pia sifa za kujiunga zimruhusu mwombaji aliye hodari upande mmoja kusoma kozi ya maandalizi upande wa pili, na mradi wa mwisho uwe programu inayofanya kazi pamoja na utungo uliotengenezwa kwayo, vyote vikitahiniwa na jopo moja.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa teknolojia ya sauti